Jua Kali: Ajira, Vijana na Serikali katika Historia ya Kenya

Katika safu yetu ya nchi jirani leo tunavuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya. Tunafuata maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anayajua moja moja, lakini ambayo yakikaa pamoja huzaa maana nyingine: jua kali. Nchini Kenya, jua kali si habari ya hali ya hewa. Hapo awali lilikuwa jina la mafundi wanaofua mabati, kuchomelea milango, kuranda mbao na kushona viatu mahali pasipo na paa. Baadaye jina hilo lilipanuka, likahusu sekta nzima ya kazi ndogo ndogo zisizosajiliwa. Mkenya akisema, "Mimi ni mtu wa jua kali," msikilizaji huelewa mambo matatu kwa mpigo: msemaji hana mwajiri, hana mshahara wa mwisho wa mwezi, na hana pensheni inayomngoja uzeeni.

Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea tangu uhuru hadi leo, na jinsi serikali ilivyoikabili. Swali linaloyaongoza ni moja: kwa nini kizazi cha uhuru kilipewa kazi, ilhali vizazi vilivyofuata vimepewa mikopo? Jibu lake linahusu historia, lakini linahusu pia haki baina ya wazee na vijana, jambo ambalo raia wa nchi yoyote anapaswa kulifikiri.

Viti vilivyoachwa wazi

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Utumishi wa serikali ya kikoloni ulikuwa umepangwa kwa rangi: Wazungu juu, Waasia katikati, Waafrika chini. Wakoloni walipoanza kufungasha virago, viti vingi vilibaki wazi kwa muda mfupi, na serikali mpya ikaamua vikaliwe na wananchi. Waafrika waliokuwa na elimu ya sekondari walikuwa wachache mno. Kwa hiyo kijana aliyemaliza kidato cha nne katika miaka ile hakuzunguka na bahasha ya vyeti akibisha hodi ofisi kwa ofisi. Kazi ndiyo iliyomtafuta yeye.

Viongozi wenyewe walikuwa vijana. Tom Mboya, aliyepata umaarufu katika harakati za vyama vya wafanyakazi na kisha akawa waziri, alikuwa na umri wa miaka 33 siku ya uhuru. Mwai Kibaki alikabidhiwa Wizara ya Fedha mwaka 1969 akiwa na miaka 38. Kila ngazi chini yao ilikuwa na watu wa rika lao: wakuu wa idara, wakaguzi wa elimu, mameneja wa mashirika ya umma.

Mbegu ya tatizo ilikuwa imefukiwa papo hapo. Kiti kinachokaliwa na mtu wa miaka 50 hupata mrithi baada ya miaka michache. Kiti kinachokaliwa na kijana wa miaka 28, katika utumishi ambao watu hustaafu wakiwa na miaka 55, hakitapata mrithi kwa miaka 27. Kenya ilijaza viti vyake karibu vyote kwa mara moja, tena kwa watu wa rika moja. Haikuwa hila ya mtu yeyote. Ilikuwa matokeo ya namna ukoloni ulivyowanyima Waafrika elimu na vyeo, kisha ukaondoka kwa haraka. Lakini shule ziliendelea kujengwa, nyingi zikiwa za harambee zilizochangiwa na wazazi wenyewe, na kila mwaka zikatoa wahitimu wengi kuliko mwaka uliotangulia. Wahitimu hao walikuta milango imekwisha kufungwa, na waliokuwa ndani walikuwa bado vijana.

Serikali iliona hatari hiyo mapema. Mwaka 1964 ilifanya mapatano ya pande tatu na waajiri na vyama vya wafanyakazi. Waajiri binafsi walikubali kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vikaahidi kutogoma na kutodai nyongeza ya mishahara kwa muda. Mwaka huo huo ilianzishwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyowakusanya vijana makambini ili wajenge barabara na kujifunza ufundi. Mapatano yale yalirudiwa mwaka 1970 na tena mwaka 1979. Kule kurudiwa kwake kunaeleza yaliyotokea. Waajiri waliongeza watu kwa amri, kisha wakaacha idadi ipungue polepole kwa kutowajaza wengine mahali pa walioondoka. Wakati huo huo, habari kwamba kazi zinagawiwa mjini iliwavuta vijana wengi zaidi kutoka vijijini kuja kujiandikisha.

Biashara nazo zilipata msaada, lakini si biashara zote. Mwaka 1967 ilipitishwa sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia, wengi wao wakiwa Waasia, kufanya biashara katika maeneo fulani. Nafasi hizo zilichukuliwa na wafanyabiashara Waafrika, na shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka huo huo likawapa baadhi yao majengo na mikopo. Walionufaika walikuwa wenye maduka, elimu na watu wa kuwasemea. Fundi aliyekuwa akifua makarai kando ya barabara hakuhesabiwa kuwa mfanyabiashara. Alihesabiwa kuwa uchafu wa mji.

Kazi ya kijungujiko

Mwaka 1972, kwa mwaliko wa serikali ya Kenya, Shirika la Kazi Duniani lilituma ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, wachumi kutoka Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Wengi walitarajia kwamba ujumbe huo ungehesabu watu wasio na kazi na kupendekeza viwanda vya kuwaajiri. Ripoti yake ilisema jambo jingine. Tatizo kubwa zaidi la Kenya, ilieleza, halikuwa watu waliokaa bure, bali watu waliofanya kazi mchana kutwa na bado wakabaki maskini.

Tafakari hoja hiyo kidogo. Katika nchi isiyo na posho ya wasio na kazi, maskini hawezi kumudu kukaa bila kufanya lolote. Atauza karanga, atabeba mizigo sokoni, atafua nguo za watu. Akiulizwa na mhesabu watu kama anafanya kazi, atajibu ndiyo. Kumbe kazi yenyewe haimtoshi. Wachumi wa leo huiita hali hii ajira pungufu, nayo huja kwa sura tatu. Wapo wanaopata saa chache za kazi kuliko wanazozitaka, kama kibarua wa ujenzi anayeitwa siku mbili kwa wiki. Wapo wanaofanya kazi saa nyingi kwa kipato kisichokidhi mahitaji. Na wapo ambao elimu na ujuzi wao havitumiki, kama mhitimu wa uhandisi anayeendesha bodaboda.

Lugha yetu ilikuwa na majina ya hali hiyo kabla ya wachumi kuandika ripoti. Husemwa kwamba mtu anafanya kazi ya kijungujiko, yaani kazi ya kupata cha kutia chunguni leo tu, isiyomwachia akiba ya kesho. Husemwa pia kwamba anaganga njaa, au anabangaiza. Wanafunzi, yashikeni maneno haya. Yanasema kwa ufupi kile ambacho takwimu hukisema kwa kurasa nyingi: mwenye kazi anaweza kuwa na shida sawa na asiye na kazi.

Ripoti ya 1972 ilieneza pia jina "sekta isiyo rasmi," ambalo mwanaanthropolojia Keith Hart alikuwa amelitumia mwaka uliotangulia akieleza maisha ya watu wa Accra, Ghana. Iliishauri serikali iache kubomoa vibanda, ilegeze masharti ya leseni, na inunue bidhaa za mafundi wadogo. Serikali ilijibu kwa waraka wa sera namba 10 wa mwaka 1973, ikikubali mengi ya ushauri huo katika maandishi.

Mfano mmoja wa mwaka huo unafaa kukumbukwa. Magari madogo ya abiria yalikuwa yakifanya kazi jijini Nairobi kinyume cha sheria, yakifukuzwa na polisi. Watu waliyaita matatu, kwa sababu nauli ilikuwa sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria bila leseni iliyokuwa ikidaiwa. Bila mkopo wowote wa serikali, biashara hiyo ilikua hadi ikawa usafiri mkuu wa nchi na chanzo cha kazi kwa madereva, makondakta, makanika, mafundi rangi na wauza vipuri. Ilileta pia fujo na ajali nyingi, maana serikali iliondoa kizuizi bila kuweka utaratibu mahali pake. Hata hivyo, somo lake liko wazi: mara nyingine msaada mkubwa anaouhitaji mfanyabiashara mdogo ni kuondolewa kwa kinachomzuia.

Mabanda ya Kamukunji

Mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, karibu na soko la Gikomba, ndipo walipo mafundi wa Kamukunji. Hapo mapipa ya mafuta hupasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, yakawa makarai, majiko, toroli na masanduku. Sanduku la bati analolibeba mwanafunzi wa kidato cha kwanza kwenda shule ya bweni huenda limetoka hapo. Ufundi huo una historia ndefu. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuja na mafundi Wahindi. Waafrika waliofanya kazi katika karakana zao waliuchukua ujuzi, nao wakawafundisha wengine. Mwanagenzi hakupewa cheti. Alianza kwa kushika bati upande wa pili, akaishia kukata mwenyewe bila kipimo cha karatasi. Katika miaka ya 1980, jiko lenye bitana ya udongo, linalotumia makaa kidogo kuliko jiko la bati tupu, lilienea nchini kwa mikono ya mafundi wa namna hii.

Katikati ya miaka hiyo ya 1980, Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakifanya kazi juani, akaahidi kuwajengea mabanda. Mabanda yakajengwa. Kwa mara ya kwanza neno jua kali lilitamkwa na serikali kwa heshima. Waraka wa sera namba 1 wa mwaka 1986 uliweka biashara ndogo miongoni mwa nguzo za uchumi, na mwaka 1992 ulitolewa waraka namba 2 uliohusu biashara ndogo na jua kali peke yake. Shuleni nako, mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, ukiwa na masomo ya useremala, uhunzi na sayansi kimu, ili mhitimu aweze kujiajiri.

Neno hilo, kujiajiri, linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika miaka ya 1960 serikali ilijiona ina wajibu wa kutafuta kazi kwa raia. Kufikia miaka ya 1980 wajibu huo ulikuwa umehama: raia ndiye aliyetakiwa ajitafutie kazi, na serikali ikabaki na jukumu la kumtia moyo. Badiliko hilo halikutangazwa siku moja wala halikupigiwa kura. Lilikuja polepole, kupitia mtaala na hotuba.

Wala heshima ile haikuwa ya kudumu. Mei 1990 makazi na vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, vilibomolewa kwa nguvu, na wachuuzi wakapambana na askari. Umbali kati ya Muoroto na mabanda ya Kamukunji si mkubwa. Mtu huenda kwa miguu. Serikali iliyowajengea paa mafundi wa upande mmoja iliwabomolea wachuuzi wa upande wa pili. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Julai, mkutano wa kudai vyama vingi vya siasa uliitishwa katika uwanja wa Kamukunji. Serikali iliuzuia, na ghasia zikazuka. Wakenya huikumbuka siku hiyo kwa jina la Saba Saba, nayo isichanganywe na Sabasaba ya Tanzania, ambayo asili yake ni kuzaliwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954.

Wazazi nao washuka juani

Miaka ya 1990 ilileta marekebisho ya uchumi yaliyodaiwa na wakopeshaji wa kimataifa. Serikali ilitakiwa kupunguza watumishi, na mwaka 1994 ilianza mpango wa kuwastaafisha mapema kwa hiari. Mashirika ya umma yalipunguza watu au yalibinafsishwa. Soko lilifunguliwa kwa bidhaa za nje, mitumba ikajaa, na viwanda vingi vya nguo vikafungwa.

Matokeo yake kwa vijana yalikuwa mazito. Hadi wakati huo, kijana wa jua kali mara nyingi alikuwa na mzazi, mjomba au kaka mkubwa mwenye mshahara, aliyeweza kumpa mtaji wa kwanza au kununua bidhaa zake. Mshahara mmoja ulilisha nyumba kadhaa na ulitia maji katika kisima cha biashara nyingi ndogo. Mwenye mshahara alipoachishwa, alitumia kiinua mgongo chake kufungua kioski au kununua matatu, akawa mshindani wa yule aliyekuwa akimsaidia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikuta biashara ndogo takriban milioni 1.3, zikiwa na wafanyakazi zaidi ya milioni 2. Nyingi zilikuwa za mtu mmoja.

Enzi ya mikopo

Karne mpya ilipoingia, serikali ilikuja na dawa mpya: hazina za mikopo. Desemba 2006 ilianzishwa hazina ya maendeleo ya biashara za vijana, ikiwa na shilingi bilioni 1. Mwaka 2007 ikafuata ya wanawake. Baada ya uchaguzi wa 2013, shilingi bilioni 6 zilizokuwa zimetengwa kwa duru ya pili ya uchaguzi wa rais hazikuhitajika, nazo zikatumika kuanzisha Hazina ya Uwezo. Mwaka huo huo serikali iliagiza kwamba asilimia 30 ya zabuni zake zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tarehe 30 Novemba 2022, Rais William Ruto alizindua ile inayoitwa Hazina ya Hasla. Hasla ni neno la mtaani lenye maana ya mbangaizaji.

Hazina ya Hasla inaonyesha vizuri nguvu na udhaifu wa dawa hii. Mtu huomba mkopo kwa simu ya mkononi, bila dhamana wala safari ya benki. Mkopo ulianzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na ulitakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Aliyekopa shilingi 1,000 alilipa riba ya takriban shilingi 3. Kwa mama mboga anayenunua sukuma wiki alfajiri na kuimaliza jioni, fedha hizo ni nafuu kubwa ukilinganisha na riba za wakopeshaji wa mitaani. Lakini fundi wa kuchomelea anayehitaji mashine, au fundi seremala anayelipwa baada ya kukabidhi kabati, atafanya nini na siku 14? Mkopo wa aina hiyo humwezesha mtu kuendelea na kijungujiko, haumtoi humo.

Takwimu za serikali yenyewe zinaunga mkono wasiwasi huo. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Kenya wa mwaka 2016 ulikuta biashara ndogo na za wastani takriban milioni 7.4, zenye watu karibu milioni 14.9. Katika hizo, takriban milioni 1.56 tu zilikuwa na leseni. Biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika kipindi cha miaka mitano, na karibu nusu ya zilizofungwa zilikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kumbuka kwamba ushauri wa kulegeza masharti ya leseni ulitolewa mwaka 1972. Miaka 44 baadaye, biashara nne katika kila tano zilikuwa bado nje ya sheria.

Kuna sheria ya mwaka 2012 iliyounda mamlaka ya biashara ndogo na kuipa kazi ya kushughulikia maeneo ya kazi, mafunzo na masoko. Kwa maandishi ni sheria nzuri. Ila kumpa mtu mkopo ni rahisi kuliko kumpa mahali. Mkopo hutolewa mbele ya kamera kwa siku moja. Kiwanja chenye hati, maji, umeme na choo huhitaji miaka, hugusa maslahi ya wenye ardhi, na matunda yake huonekana baada ya aliyeanzisha kuondoka madarakani. Zaidi ya hayo, mkopo humhamishia kijana hatari yote. Biashara ikifa, deni ni lake.

Wazee, vijana na meza moja

Sasa turudi kwenye vile viti vya mwaka 1963. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 55, inaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate ajira, na inamtambua kijana kuwa mtu wa kuanzia miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 35. Lakini mwaka mmoja kabla ya katiba hiyo, Aprili 2009, umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60. Rais wa wakati huo alikuwa Mwai Kibaki, yule aliyepewa Wizara ya Fedha akiwa na miaka 38.

Tuwe waadilifu kwa pande zote. Mtumishi wa miaka 57 si adui wa kijana. Aghalabu ndiye anayelipa karo ya wadogo na kodi ya nyumba ya mwanawe mhitimu asiye na kazi ya kutosha. Hataki kustaafu kwa sababu mwanawe hajasimama, na mwanawe hajasimama kwa sababu, miongoni mwa mengine, nafasi hazifunguki. Wala ajira ya nchi si sahani moja ya ubwabwa, kwamba mzee akila tonge kijana hukosa. Mshahara wa mzee hununua bidhaa za jua kali. Lakini katika utumishi wa umma, ambamo idadi ya nafasi na bajeti ya mishahara huwekewa mpaka, mfano wa sahani unakaribia ukweli. Kwa hiyo kuahirisha kustaafu kwa miaka mitano kulikuwa uamuzi uliokuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ilibebwa na vijana ambao hawakuulizwa.

Dhuluma iliyo wazi zaidi ni ya masharti ya kazi. Mwaka 2023 Tume ya Huduma kwa Walimu iliwaajiri walimu wapya wa sekondari msingi kama wanagenzi, kwa malipo ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa wamefuzu na kusajiliwa. Waliingia madarasani, wakasahihisha madaftari, wakabeba vipindi sawa na wenzao wenye ajira ya kudumu. Aprili 2024 mahakama ya ajira ilitamka kwamba utaratibu huo ulikuwa kinyume cha sheria, na mwezi uliofuata walimu hao wakagoma. Mwaka huo huo madaktari waligoma kwa siku 56. Moja ya sababu kuu ni kwamba serikali ilitaka kushusha malipo ya madaktari wanagenzi kutoka takriban shilingi 206,000 hadi 70,000 kwa mwezi. Katika visa vyote viwili, bajeti ilipobana, aliyepunguziwa si yule aliyekwisha kuingia bali anayeingia. Kazi ni ile ile na mgonjwa ni yule yule. Kilichotofautiana ni mwaka wa kuzaliwa.

Yaliyotokea Juni 2024 hayawezi kueleweka bila historia hii. Vijana walijitokeza mitaani kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatatia saini mswada huo. Kodi ndiyo iliyowasha moto, lakini kuni zilikuwa zimekauka kwa miaka mingi. Hawa walikuwa wana na wajukuu wa kizazi cha uhuru. Walisoma kama walivyoambiwa, wakakopa kama walivyoambiwa, wakajiajiri kama walivyoambiwa, na sasa walitakiwa kulipia zaidi.

Sisi na jirani

Msomaji wa Tanzania asiyasome haya kama mambo ya ng'ambo. Sisi tuna wamachinga. Mwaka 2018 walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili wasisumbuliwe, na mwaka 2021 wengi wao wakahamishwa kutoka barabarani jijini Dar es Salaam. Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Maswali ya Nairobi ni maswali yetu.

Historia ya Kenya inatufundisha kupima sera ya biashara ndogo kwa mambo yanayoweza kuhakikishwa. Je, inampa mfanyabiashara mahali ambapo hatafukuzwa? Je, inamletea wateja, ikiwamo serikali yenyewe kununua bidhaa zake na kumlipa kwa wakati? Je, muda wa mkopo unalingana na muda wa kazi yake? Na kwa upande wa ajira rasmi: je, anayeanza kazi leo anapewa masharti sawa na aliyeanza jana kwa kazi ile ile? Mkopo ni jambo jema pale unapoandamana na hayo. Ukitolewa peke yake, serikali huwa imelipa kidogo na kumwachia kijana mzigo uliobaki.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kukosa ajira na kuwa na ajira pungufu. Toa mfano mmoja kutoka mahali unapoishi.
2. Tunga sentensi tatu ukitumia "kijungujiko," "kuganga njaa" na "kubangaiza."
3. Je, kupandisha umri wa kustaafu ni haki kwa vijana? Andika aya mbili: moja ukimtetea mtumishi wa miaka 57, nyingine ukimtetea mhitimu wa miaka 24.
4. Ungepewa kuchagua kati ya mkopo wa siku 14 na banda lenye hati, fundi wa bati ungechagua lipi, na kwa nini?